Aliyekamatwa na Aandikwe, Anayemtafuta na Aonyeshwe

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hapa Kariobangi methali hiyo haihitaji mfafanuzi. Fundi wa vyuma katika karakana za Light Industries ana daftari lake la wadeni, limepakwa grisi lakini lasomeka. Mama muuza githeri ana lake. Muuza duka akikukopesha pakiti ya maziwa leo jioni, jina lako huandikwa, na tarehe, na kiasi, na kesho ukipita ng'ambo ya barabara kwa kujifanya hukumwona, atakuita kwa sauti. Ajabu ni kwamba katika jiji hili hili, ambamo deni la shilingi 60 haliwezi kupotea, binadamu mzima aweza kupotea tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, asipatikane katika daftari lolote ambalo mamaye ataruhusiwa kulitazama.

Sisemi haya kwa kusikia. Nilikuwapo. Mimi ni mwalimu, na aliyepotea alikuwa kijana niliyemfundisha hadi Kidato cha Nne. Alikuwa amepata kibarua cha kuchomelea milango na madirisha, na Ijumaa hiyo alifunga kazi machweo, akaanza safari ya kurudi nyumbani kwa miguu. Hakufika. Asubuhi ya Jumamosi mamaye alinigongea mlango. Kulikuwa na msako, aliambiwa na majirani. Gari la polisi lilionekana karibu na mzunguko wa barabara, na vijana kadhaa walipakiwa. "Mwalimu," akaniambia, "wewe unajua kusema na watu wa ofisi. Twende pamoja."

Tulianza na kituo kilicho karibu. Tulisalimu, tukajieleza, nikataja majina matatu ya kijana huyo na umri wake. Askari aliyekuwa kwenye dawati la ripoti alitusikiliza nusunusu. Mbele yake palikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Hakukifungua. "Mzee, mtu wenu hayuko hapa. Jaribuni kwingine." Nilimwomba atazame tu. Alinijibu kwamba kitabu kile ni cha serikali, si cha umma, kana kwamba serikali ni nyumba ya mtu binafsi nasi ni wageni tuliofika bila hodi.

Tulikwenda kituo cha pili. Huko askari alikuwa mwungwana zaidi. Alifungua rejista, akapitisha kidole chake kutoka juu hadi chini, akatikisa kichwa. Hayumo. Tukaenda hospitali ya Mama Lucy Kibaki, tukauliza idara ya majeruhi. Hayumo. Jumamosi ikapita hivyo. Usiku ule mama yule alinitajia mahali ambapo sote tulikuwa tukipaogopa kupataja, yaani chumba cha kuhifadhia maiti cha jiji, kule Barabara ya Ngong. Nilimsihi tungoje. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nami sikuwa na hakika kwamba nina haki ya kumwambia angoje.

Jumapili alasiri tulirudi katika kituo cha kwanza, si kwa tumaini bali kwa kukosa pengine pa kwenda. Zamu ilikuwa imebadilika. Dawatini palikuwa na askari wa kike, mtu wa makamo. Alimtazama mama yule, akamwambia, "Keti, mama," kisha akafungua kitabu. Haikumchukua dakika tano. Kijana alikuwa ameingizwa Ijumaa saa tatu usiku. Alfajiri ya Jumamosi, kwa kuwa seli zilikuwa zimejaa, yeye na wenzake walihamishiwa kituo cha pili. Yote yalikuwa yameandikwa pale, kwa wino wa buluu. Kumbe Jumamosi asubuhi, tulipoambiwa kwamba mtu wetu hayuko, jibu la swali letu lilikuwa limelala juu ya meza, hatua mbili kutoka tuliposimama. Na kule kituo cha pili hatukumpata kwa sababu jina lake la kwanza lilikuwa limeandikwa kwa makosa, na jina la ukoo halikuandikwa kabisa.

Jumatatu tulimwona katika mahakama ya Makadara, akipandishwa kizimbani pamoja na wengine wanane. Shtaka lilikuwa la kuzua vurugu mahali pa umma. Alikiri. Baadaye nilipomuuliza kwa nini amekiri kosa ambalo alituapia hakulifanya, alisema kwamba wenzake wa seli walimweleza kuwa ukikana utapelekwa rumande ya Industrial Area ungoje kesi, na ukikiri utatozwa faini uende zako. Mama alilipa faini hiyo kwa fedha za chama chake. Kisa kikaisha hivyo, au tulidhani kimeisha. Nitakirudia.

Msomaji mpenzi, huenda ukauliza: je, kisa cha kijana mmoja aliyelala seli siku tatu akatoka salama kina uzito gani? Uzito wake ni huu. Tofauti kati ya aliyekamatwa na aliyetekwa nyara ni mstari mmoja wa maandishi. Mwenye kumzuilia mtu akiandika jina lake, saa aliyomleta na sababu ya kumleta, basi amekubali kuwa ana dhamana juu ya uhai wake. Asipoandika, au akiandika kisha akaficha alichoandika, hana wa kumwuliza lolote.

Ni vyema basi tuvijue vitabu vyenyewe, maana wengi wetu huvisikia tu. Cha kwanza ni kitabu cha matukio, ambacho Wakenya wengi hukiita kwa ufupi OB. Kila jambo linalofika kituoni huandikwa humo kwa mfululizo: wizi ulioripotiwa, kitambulisho kilichopotea, askari aliyetoka kwenda doria, mtu aliyeletwa akiwa na pingu. Kila tukio hupewa nambari yake pamoja na tarehe, na nambari hiyo ndiyo mwananchi anayepaswa kuondoka nayo mkononi. Pili kuna rejista ya wanaozuiliwa katika seli. Tatu kuna orodha ya mali aliyovuliwa mshukiwa, yaani simu, mkanda, fedha na viatu. Akipelekwa kortini kuna hati ya mashtaka na sajili ya mahakama. Akipelekwa rumande, gereza nalo lina sajili yake ya kupokea wafungwa na mahabusu. Kwa maneno mengine, mtu aliyekamatwa kihalali huacha nyayo katika vitabu visivyopungua vinne. Hakuna sababu ya haki ya yeye kutoonekana.

Na sheria haikunyamaza. Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linaagiza iwekwe kumbukumbu rasmi ya kila anayezuiliwa: sababu ya kumkamata, tarehe na saa ya kukamatwa, tarehe na saa aliyofikishwa mahakamani kwa mara ya kwanza, afisa aliyemkamata, saa za kuhojiwa na majina ya waliomhoji, na tarehe na saa ya kuhamishwa kwenda kituo kingine. Tazama hilo la mwisho. Waliotunga sheria hii walijua kwamba mtu hupotea kwa wepesi zaidi anapokuwa njiani kati ya kituo kimoja na kingine.

Juu ya sheria hiyo ipo Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Haki ya kunyamaza. Haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao anauhitaji. Na haki ya kufikishwa mahakamani katika muda usiozidi saa 24. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Kosa la kuzua vurugu aliloshtakiwa kijana wetu, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, adhabu yake haizidi miezi 6. Laiti angalijua hilo, asingalikiri kwa kuogopa rumande. Lakini hakulijua, na ukweli ni kwamba mimi mwalimu wake sikuwahi kumfundisha.

Saa 24 zenyewe zina mlango wa nyuma. Katiba inasema kwamba zikimalizika nje ya saa za mahakama, au katika siku isiyo ya mahakama, mshukiwa atafikishwa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana wakazi wa mitaa ya Eastlands huihofu Ijumaa. Anayekamatwa Jumanne jioni atamwona hakimu Jumatano au Alhamisi. Anayekamatwa Ijumaa jioni hatamwona hadi Jumatatu, na hakuna kifungu kilichovunjwa. Siku hizo mbili na ushei ndizo zinazohitaji daftari lililo wazi kuliko siku nyingine zote, nazo ndizo ambazo mkuu wa kituo hayupo ofisini na aliye dawatini anakwambia urudi Jumatatu.

Tusidhani kwamba haya yameanza juzi. Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa msako dhidi ya waliodaiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, wahadhiri, wanafunzi, waandishi na watu wa kawaida walishikwa wakapelekwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya jiji la Nairobi. Jamaa zao walizunguka vituoni wakiambiwa kwamba hawajulikani waliko. Wengine walionekana tena baada ya siku nyingi, wakifikishwa mahakamani jioni, ofisi zikiwa zimefungwa, wakakiri haraka na kufungwa. Mwaka 1988 Katiba ya wakati huo ilibadilishwa, polisi wakaruhusiwa kumzuilia mtu aliyeshukiwa kwa kosa la kunyongwa kwa siku 14 kabla ya kumfikisha mahakamani. Siku 14 ni muda wa kutosha wa mambo mengi kutendeka na makovu kufifia. Na ni akina mama waliosimama kwanza: mnamo Februari 1992, wazazi wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Bustani ya Uhuru, Profesa Wangari Maathai akiwa pamoja nao, wakagoma kula huku wakidai wana wao kwa majina.

Hapa kwetu Kariobangi tuna kumbukumbu zetu pia. Usiku wa tarehe 3 Machi 2002, kundi la watu wenye silaha lilivamia Kariobangi Kaskazini na kuua watu wapatao 20. Hakuna mkazi wa miaka hiyo aliyeusahau usiku ule. Sikatai kwamba polisi wana kazi ngumu katika mtaa uliowahi kuoshwa kwa damu namna hiyo, na mwenye kufa mtoto wake mikononi mwa genge ana haki ya kutaka watu wakamatwe. Lakini mwaka 2008 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti iliyohusisha polisi na mauaji na kutoweka kwa watu wapatao 500, katika kampeni dhidi ya Mungiki. Wengi wao walikuwa vijana wa umri wa wanafunzi wetu wa jana. Walikuwa na hatia? Yamkini wengine walikuwa nayo. Hakuna mahakama iliyotamka, kwa kuwa hawakufikishwa katika mahakama yoyote.

Kisa cha wakili Willie Kimani chapaswa kusomwa darasani. Tarehe 23 Juni 2016 alitoka katika mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake Josephat Mwenda, mwendeshaji wa bodaboda aliyekuwa amelalamika dhidi ya polisi, na Joseph Muiruri, dereva wa teksi waliyopanda. Hawakufika nyumbani. Walizuiliwa katika kambi ya polisi wa utawala huko Syokimau, na ndugu na wenzao walipowatafuta hakukuwa na kituo kilichokiri kuwa nao. Daftari pekee lililobaki ni kikaratasi cha tishu ambacho kiliandikwa na kurushwa nje ya seli, kikaokotwa na mpita njia. Baada ya siku chache miili yao ilipatikana mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao, na mwaka 2023 ikawahukumu. Fikiria, ndugu mwanafunzi: kitabu rasmi kilinyamaza, kikaratasi kikasema.

Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, Tume hiyo ya Haki za Binadamu ilitangaza mwezi Desemba kwamba ilikuwa imepokea visa 82 vya watu waliotekwa nyara tangu Juni, na kwamba 29 kati yao walikuwa hawajulikani waliko. Polisi walikana kuwashika. Familia zilizunguka vituoni vile vile ambavyo mimi na mama yule tulivizungukia, na jibu likawa lile lile: hayuko hapa.

Lakini sitaki kumdanganya msomaji kwamba kuandikwa ni ngao isiyopenyeka. Tarehe 7 Juni 2025 mwalimu mwenzetu, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti ya Homa Bay kwa ajili ya maneno yaliyochapishwa mtandaoni, akasafirishwa hadi kituo kikuu cha polisi cha Nairobi. Babake alimfuata akiwa amebeba hatimiliki ya shamba ili imsaidie mwanawe kupata dhamana. Alipofika aliambiwa kwamba mwanawe amekufa. Polisi walisema aligonga kichwa chake ukutani. Madaktari waliochunguza maiti walisema majeraha yale hayakulingana na maelezo hayo, na mwezi huo huo mkuu wa kituo na wengine wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Hapa mtu alijulikana aliko, na bado hakuokoka. Basi faida ya kujulikana ni ipi? Ni kwamba babake alijua aende wapi, taifa lilijua limwulize nani, na jibu la uongo halikukaa hata juma moja. Ni faida ndogo kwa baba aliyezika. Hata hivyo, ni wangapi walioondoka bila hata hiyo?

Sasa tuvuke bahari kidogo, ili tuone wenzetu wametatuaje jambo hili, maana lina pande mbili. Katika sehemu nyingi za Marekani, anayetaka kujua kama fulani amekamatwa hafungi safari. Gereza la wilaya hutoa orodha ya wote walioingizwa, na nyingi za orodha hizo zinapatikana kwenye intaneti: jina, umri, shtaka, kiasi cha dhamana, hata picha ya uso iliyopigwa usiku ule wa kukamatwa, macho mekundu na nywele timutimu. Mama wa huko angempata mwanawe kwa dakika chache. Lakini jirani, mwajiri na adui nao wangempata. Yamekuwapo makampuni yaliyokusanya picha hizo na kuzitandaza, kisha yakadai fedha kwa mwenye uso ili ziondolewe, hata pale ambapo mashtaka yalikuwa yamefutwa, mpaka majimbo kadhaa yakatunga sheria za kuzuia biashara hiyo. Uingereza wameelemea upande wa pili: kwa kawaida polisi hawatangazi jina la mtu kabla hajashtakiwa, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtu anayechunguzwa ana haki ya kutarajia, kwa kawaida, kwamba jambo hilo litabaki faragha hadi ashtakiwe.

Tufuate wapi? Mimi nasema tusimwige yeyote kwa upofu, bali tuulize swali moja: ni nani anayehitaji kujua, na anahitaji ili afanye nini? Mzazi, mke, mume, wakili, mwalimu, wanahitaji kujua mtu wao yuko wapi, yu hai au mgonjwa, ameshtakiwa nini, atafikishwa mahakama gani na lini. Hao waonyeshwe bila kucheleweshwa na bila kutozwa kitu kidogo. Mpita njia anayetaka tu kufurahia fedheha ya mwenziwe hana haki hiyo, kwa kuwa aliyekamatwa bado hana hatia mpaka mahakama itamke. Daftari liwe wazi kwa anayetafuta, lisiwe bango la kumwaibisha anayetafutwa. Nao wanaoitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ili kumfukuza mzazi dawatini wajue kwamba sheria ile ilitungwa kumlinda mwenye jina. Haikutungwa ili afichwe na mamaye.

Wapo watakaosema kwamba kufichua nani amekamatwa huwapa washirika wake nafasi ya kutoroka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini haina nguvu inayodhaniwa. Washirika wa jambazi hujua mwenzao amekamatwa kabla ya mtu mwingine yeyote, kwani hawamwoni maskani. Asiyejua ni mama mchuuzi wa mboga. Na ikiwa upelelezi kweli wahitaji siri ya saa chache, na aombwe hakimu aamue, si askari wa zamu aliyechoka.

Nimeahidi kukirudia kisa cha kijana wetu. Miezi kadhaa baadaye alipata nafasi ya kazi katika kampuni iliyomtaka alete cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi. Ili kukipata, mwombaji hutoa alama za vidole, zikalinganishwa na kumbukumbu za waliowahi kuhukumiwa. Hakwenda. Aliniambia anaogopa kitakachotoka. Angalia basi upotovu wa mambo: daftari lililoshindwa kufunguka kwa dakika tano ili mamaye ampate, sasa limefunguka daima ili mwajiri amkatae. Kumbukumbu zetu ni nzito kuona zinapotakiwa kumwokoa mtu, ni kali kuona zinapotakiwa kumfunga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nini kifanyike? Kwanza, kila kituo kiwe na orodha ya waliomo seli iliyohakikiwa kila asubuhi na kila jioni, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na askari wa dawati alazimike kuitazama kila aulizwapo, na kuandika kwamba ameulizwa. Pili, anayehamishwa asitolewe kabla jamaa yake mmoja hajapigiwa simu. Tatu, jina liandikwe pamoja na nambari ya kitambulisho, ili herufi moja isimpoteze mtu. Nne, kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikizungumzia kukihamishia kitabu cha matukio kwenye kompyuta. Ni jambo jema, mradi kompyuta hiyo isiishie kuwasaidia wakubwa kuhesabu. Imwezeshe mzazi kuuliza katika kituo chochote cha Nairobi na kujibiwa kuhusu vyote.

Hayo ni ya serikali. Yetu sisi walimu na wanafunzi ni haya. Ukimtafuta aliyekamatwa, anza na kituo cha karibu, taja majina yote pamoja na lakabu, uliza mambo mawili: yumo katika rejista ya seli? Amewahi kuwamo tangu jana? Swali la pili ndilo tulilokosa kuuliza. Andika jina la askari aliyekujibu, nambari yake ya kazi na saa. Ukiambiwa yumo, omba nambari ya OB. Ukitakiwa fedha za dhamana, dai risiti, maana dhamana hurudishwa kesi ikiisha. Ukinyimwa habari, kumbuka kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaagiza kwamba ombi linalohusu uhai au uhuru wa mtu lijibiwe katika saa 48. Peleka malalamiko kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi. Na zikipita siku bila jibu, Kifungu cha 51 kinaruhusu ombi lipelekwe mbele ya jaji ili aliyemzuilia mtu aamriwe kumleta mahakamani. Haki hiyo, kwa mujibu wa Kifungu cha 25, haiwezi kupunguzwa kwa hali yoyote.

Nimeanza kuyafundisha haya katika dakika za mwisho za vipindi vyangu, ijapokuwa hayamo katika silabasi. Juma la kwanza niliuliza ni nani anayejua kwa moyo nambari ya simu ya mzazi wake, kwa maana simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa mtu afikapo dawatini. Mikono iliyoinuka haikutimia kumi katika darasa zima. Tulitenga siku mbili kwa zoezi hilo, kila mmoja akasimama na kusema nambari yake bila kutazama popote. Sasa wote wanazijua. Mama yule niliyezunguka naye alipopata habari alinicheka kidogo, akasema kwamba mwanawe alikuwa akiijua nambari yake tangu darasa la tatu. Hakuna tu aliyempa simu aipige.